Daftari lisilo na mgeni rasmi

Risala ina mifupa yake, nayo haibadiliki. Unaanza na itifaki: mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wa meza kuu, walimu, wazazi, walezi, mabibi na mabwana. Unashukuru. Unataja mafanikio kwanza, mgeni asije akajiona kaletwa kusikiliza shida. Kisha inafika ile sentensi ambayo kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la mahafali anaweza kuimalizia mwenyewe: "Mheshimiwa mgeni rasmi, pamoja na mafanikio hayo, shule yetu inakabiliwa na changamoto zifuatazo." Matundu ya vyoo. Walimu wa sayansi. Uzio. Halafu maombi, halafu kumtakia mgeni safari njema, halafu makofi.

Nimeandika nyingi mno. Na si risala tu. Neno la shukrani la wazazi kwenye sendofu, wasifu wa marehemu, taarifa za mwaka za vikoba, maneno ya chini ya picha za watu wanaouza vitenge mtandaoni, hata barua ya kijana mmoja ya kuwaomba radhi wakwe zake kwa jambo ambalo hakutaka kunieleza ni jambo gani. Hapa Tanga ukishajulikana kuwa una kalamu, Jumamosi si yako tena. Simu inaita asubuhi: "Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu, una nafasi kidogo?" Nafasi huwa sina, lakini naandika.

Kazi yenyewe haina ubaya. Mtu aliyefiwa jana hawezi kupanga sentensi, na kumpangia ni wema kama wema mwingine. Ninachosema ni kwamba miaka ilivyokwenda, mgeni rasmi alihamia kichwani mwangu. Nikikaa kuandika jambo langu binafsi, hata ujumbe wa kumpa pole rafiki, sentensi ya kwanza inainuka, inafunga vifungo vya koti, inasalimia meza kuu. Nilikuwa siwezi tena kuandika bila kumwandikia mtu, na mtu huyo daima alikuwa amekaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe.

Zamani haikuwa hivyo. Nikiwa sekondari niliandika kurasa za nyuma za daftari la Jiografia, nikianzia mwishoni kuja mbele, mpaka maandishi yangu yakakutana na mito na mabonde ya mwalimu katikati. Niliandika nini? Upuuzi. Nani kamsusia nani bwenini, uji ulikuwaje, ndoto. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenipa alama. Baadaye nikaenda kusomea uhazili, na huko maandishi yakawa kasi. Wenzangu waliopita njia hiyo wanayakumbuka matangazo ya kazi: awe amefaulu mtihani wa hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika moja. Hatimkato ni yale maandishi ya alama fupi ya kukimbizana na mtu anayesema. Maneno 80 ya mtu mwingine, bila shaka. Katibu muhtasi hafundishwi kuwa na maneno yake.

Kilichonirudisha ni wasifu wa marehemu mmoja, mzee wa mtaa wetu, fundi baiskeli aliyestaafu na bingwa wa bao. Wanawe waliniletea tarehe na majina: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, wajukuu, ugonjwa. Nikaandika. Ulikuwa wasifu mzuri, kurasa mbili, kila kitu mahali pake. Nilipomaliza niligundua kwamba mzee mwenyewe hayumo.

Hayumo kwa sababu mzee alikuwa mwizi wa kete. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji mzuri huzihesabu kwa macho tu bila kugusa. Mzee alikuwa na njia ya kuongea wakati anasambaza, anakuuliza habari za mama, anakulalamikia bei ya mafuta ya taa, mkono unatembea shimo hadi shimo, na ukija kushtuka kuna kete mbili zimekwenda mahali ambapo haki isingezipeleka. Kila mtu alijua. Hakuna aliyemshika. Tena alikuwa akiimba kwa sauti mbaya sana akifunga mnyororo wa baiskeli, na alikufa akiwa na deni langu la shilingi elfu kumi ambalo alikuwa akilikumbuka kila tukionana, kwa furaha, kana kwamba ni undugu tuliouchanga pamoja.

Haya huwezi kuyasoma mbele ya jeneza. Lakini yalikuwa yamekwisha kuja, na karatasi ilikuwa mbele yangu. Nikaigeuza nikayaandika nyuma ya nakala iliyoharibika. Niliandika namna alivyokuwa akikung'uta kete kwenye kiganja kabla ya kuzimwaga, nikafuta, nikaandika tena kwa sababu sikuipata vizuri ile sauti. Sauti hiyo ilinichukua muda kuliko wasifu mzima. Nilipokuja kuangalia saa, chakula cha usiku kilikuwa kimepita na nilikuwa nacheka peke yangu jikoni.

Karatasi ile sikumpa mtu. Sikuipiga picha. Kesho yake nikanunua kaunta buku.

Nimewahi kusoma kuhusu jaribio moja ambalo tangu nilipolijua naliona kila mahali. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi bila kuambiwa. Kundi moja likaahidiwa cheti chenye utepe na nyota ya dhahabu iwapo watachora. Kundi la pili likachora tu, kisha likapewa cheti kwa kushtukizwa. La tatu halikuahidiwa wala kupewa kitu. Baada ya wiki moja au mbili kalamu zikarudishwa mezani bila ahadi yoyote, na watafiti wakaangalia nani anazifuata. Watoto walioahidiwa cheti walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao.

Watu wengi wakilisimulia jaribio hili wanaishia hapo, kisha wanalaani fedha. Mimi kinachonivuta ni kundi la pili. Wale walipewa cheti kilekile, utepe uleule, na hawakuharibika. Kilichowaua wale wa kwanza ni mapatano ya mwanzo: chora ili upate. Bahasha ya "dada, hii ya soda" ninayopewa baada ya risala haijanidhuru kitu, hata ikiwa nene. Kilichonidhuru ni kukaa kuandika nikiwa tayari najua makofi yatapigwa wapi. Na siku hizi hata makofi hayasubiri mahafali. Unaandika mistari mitatu kwenye simu, unaipandisha, na kabla maji ya chai hayajachemka umekwisha kujua ni wangapi wamependa. Mara ya pili unaandika kama ile iliyopendwa. Mara ya kumi wewe ni chama cha watu wanaokubaliana nawe.

Kwetu pwani tunaye mtu ambaye kwangu ndiye hasa mfano wa jambo hili, ingawa namsikia akitajwa zaidi kwa ajili ya mapenzi yake na Mjerumani. Sayyida Salme alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani Seyyid Said, akaishi miaka yake ya kwanza jumba la Mtoni. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kuisoma Kurani; kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa kuandikia, akawa ananakili herufi kutoka msahafuni, peke yake, herufi baada ya herufi. Hakuwa na mwalimu mwanzoni wala msomaji, na kama angeonekana angepata lawama tu, na kweli ilipojulikana alizipata.

Kila nikimfikiria yule msichana na mfupa wake najiuliza alikuwa akitaka nini. Barua hakuwa na wa kumwandikia. Cheo hakikuwepo. Nadhani alitaka kuona mkono wake ukifanya vile.

Halafu tazama kilichofuata. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipopanga njama ya kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid, waliokula njama walihitaji mtu wa kuwaandikia barua. Aliyekuwa na kalamu miongoni mwa mabinti ni Salme, umri wake miaka kama 15. Akafanywa katibu. Ile kazi ya siri aliyoifanya kwa hamu yake juu ya mfupa ikaja kuagiza silaha za ugomvi wa ndugu. Njama ikashindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na uadui pande zote mbili. Mimi nikisoma hapo naliona kabisa lile swali la Jumamosi: samahani kwa usumbufu, una nafasi kidogo?

Maisha yake ya baadaye yanajulikana. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka uliofuata, akahamia Hamburg, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, na mwenyewe alieleza kwamba alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, ambao walikuwa wanajua machache sana juu ya kwao mama yao. Lakini kuna maandishi mengine, barua ndefu kwa rafiki ambaye hamtaji jina, zinazoeleza upweke wa miaka ile ya Ujerumani. Hizo hazikuwa zimechapwa alipokufa mwaka 1924, zikaja kutoka miaka mingi baadaye. Ukizisoma pamoja unamwona mwanamke mmoja kwa macho mawili. Katika kitabu anaitetea Unguja mbele ya Wazungu, anajua wanatazama. Katika barua anasema tu anavyoumia.

Shaaban Robert naye, ambaye sisi watu wa Tanga tunamchukulia kama mali ya familia, ana sura mbili hizo. Mchana alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, kuanzia forodhani. Vitabu vyake vyote vimevaa kanzu na joho. Lakini kuna barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizochapwa miaka mingi baada ya yeye kufariki mwaka 1962, na humo ni mtu mwenye kazi, jamaa na mashaka yake. Mle hana haja ya kuwa Shaaban Robert. Mashairi yake nayapenda, lakini barua ndizo zilizonifanya nimpende yeye.

Najua mtu atasema: barua ina msomaji, kwa hiyo si kujiandikia. Kweli. Na kuna wanaodai kabisa kwamba hakuna mtu ajiandikiaye, kwamba hata shajara iliyofungiwa kwa kufuli inamtazama msomaji kwa jicho la pembeni. Hoja yao kubwa ni Samuel Pepys, mkubwa wa ofisi ya jeshi la majini la Uingereza, aliyeandika mambo yake ya kila siku kuanzia Januari 1660 hadi Mei 1669: tauni ya London, moto mkubwa wa 1666, na wizi wake mdogomdogo wa mapenzi. Aliandika kwa hatimkato. Ni siri, basi? Ndiyo, ila aliyajalidi madaftari vizuri, majalada sita, akayaacha pamoja na maktaba yake yote, ambayo ilikwenda chuo cha Magdalene huko Cambridge. Mwanzoni mwa karne ya 19 kijana mmoja, John Smith, alipewa kazi ya kuyafumbua akasota nayo miaka kama mitatu. Wakati wote huo kitabu cha kufundishia hatimkato ileile kilikuwa kwenye maktaba hiyohiyo, rafu chache kutoka pale yalipokaa madaftari. Hakuna aliyemwambia.

Mhazili yeyote akisikia habari hiyo anashika kichwa.

Je, Pepys alitaka asomwe? Labda alipozeeka. Lakini siamini kwamba yule wa mwaka 1660, ametoka kazini, kachoka, anaandika alikula nini na nani kamuudhi, alikuwa anatuwazia sisi. Mtu anaweza kulitunza jambo bila kuwa alilifanya ili litunzwe. Mama yangu amehifadhi kanga ambazo hajavaa tangu nikiwa mdogo, na wala hafikirii makumbusho.

Pepys ndiye aliyenipa wazo la kufanya kitu ambacho sasa kinanipa raha kuliko chote: naandika kwa hatimkato. Si kurasa zote, ni pale panapohitaji faragha. Nyumba yetu ina watu wengi na mlango mmoja wenye komeo. Nikiliacha daftari mezani, wapwa zangu wanachungulia wanaona vistari na vikulabu, wanasema shangazi anaandika Kiarabu kibovu. Ofisini hatimkato imekufa; bosi anarekodi kwa simu, au anaandika mwenyewe kwa vidole viwili. Kwa hiyo ujuzi niliokaririshwa ili nisipitwe na maneno ya wakubwa sasa hivi hauna kazi nyingine duniani isipokuwa kubeba ya kwangu. Na kasi nayo haina maana tena. Maneno 80 kwa dakika yananisaidia nini, nami naweza kukaa na neno moja mpaka chai ipoe?

Humo mna nini? Wasomaji wa kukisia watakata tamaa. Mna mnada wa samaki pale Deep Sea: namna mnadi anavyorusha bei, na yule mama anayenunua kwa kuinua kidevu tu, hasemi. Mna ugomvi wangu na fundi wa bomba, ambao kwenye daftari niliushinda. Mna orodha ya watu ambao siwapendi, na sababu. Baadhi ya sababu ni za kitoto na nimeziacha hivyo hivyo. Mna kurasa kadhaa za kumwelezea bibi yangu akichambua mchele, na bado sijampata. Sentensi nyingi hazina mwisho. Nikichoka katikati naacha, kwa kuwa hakuna atakayeketi akingoja "ahsanteni kwa kunisikiliza." Nimejiruhusu kuchosha. Risala haiwezi kuchosha, mgeni ana ratiba. Daftari linaweza kutumia ukurasa mzima kwa mlio wa pangaboi.

Lugha nayo imebadilika, nalo sikulitarajia. Kwenye risala natumia Kiswahili cha suti: kwa heshima na taadhima, kwa mantiki hiyo, ni matumaini yetu. Kwenye daftari yamerudi maneno ya nyumbani, ya Kimtang'ata cha bibi, na matusi mawili matatu ya wapiga debe, na Kiingereza kibovu cha ofisini pale kinapokuja chenyewe. Sisahihishi. Mwanzoni mkono ulikuwa unasita mbele ya neno lisilo sanifu kama vile mkaguzi amesimama mlangoni, na sasa unapita tu.

Wala si kila siku. Zipo wiki ambazo silifungui, na sijioni nina kosa. Watu wanaofundisha haya mambo hupenda kutoa ratiba: kurasa kadhaa kila alfajiri, bila kukosa. Nadhani hao wamemrudisha mgeni rasmi kwa mlango wa nyuma, wakamvika saa mkononi. Wengine wanaliuza kama dawa ya moyo. Sikatai kwamba baadhi ya usiku nimelala vizuri zaidi kwa sababu nimeandika, lakini kuna usiku nimeandika nikaamsha jambo lililokuwa limelala, nikakesha nalo. Silipendi daftari kwa sababu linanitibu. Nalipenda kwa sababu ya ile sauti ya kete kiganjani, ambayo nilipoipata mara ya tatu niliijua kuwa ndiyo.

Na risala bado naandika. Mwezi huu nina mbili. Nimeona zimekuwa fupi, na mwalimu mkuu mmoja amelalamika kwa upole kwamba changamoto hazikuwa na uzito. Nikamwongezea uzio.

Mdogo wangu, ambaye ndiye pekee anayejua madaftari yapo mangapi na yanakaa wapi, aliniuliza juzi tukiwa tunakula karanga pale Barabara ya Ishirini: "Dada, hivi ukifa yale tuyafanye nini?" Ni swali zuri, kwa sababu Tanga tuna jibu la jadi. Karanga zile zilikuwa zimefungwa kwa karatasi ya daftari la mwanafunzi, somo la Uraia, na mwenye daftari alikuwa amepata nne ya kumi. Nimekwisha kula karanga zilizofungwa kwa mitihani, kwa leja za duka, kwa barua ya mtu anayedai mahari irudishwe. Nimezisoma zote; kipande kile cha barua niliwahi kukinunulia kifuko cha pili nikitumaini ukurasa unaofuata, nikapata Hesabu.

Nikamwambia ampe muuza karanga. Akasema haiwezekani, watu watasoma. Nikamkumbusha kwamba ni hatimkato. Akafikiri, akasema basi yeye atajifunza kwanza, aone nimemwandika vipi, ndipo ampe. Tumeafikiana hivyo, ingawa kitabu changu cha hatimkato nimekwisha kumficha.